Koplo Aliyetoka Burma



Babu yangu alikuwa askari wa KAR. Kwetu huku milima ya Iveti alikuwa na sanduku la bati, na ndani ni medali moja na blanketi ya jeshi, basi. Tukimuuliza Burma ilikuwaje, anasema mvua ilikuwa nyingi, kisha ananyamaza. Kwa hivyo nilipopata kitabu cha Waruhiu Itote, yule tunayemjua kama Jenerali China, nilikisoma kama mtu anayemtafuta babu yake.

Itote alizaliwa Nyeri mwaka wa 1922. Januari 1942 akaingia jeshini, kama vile vijana wengi wa Ukambani walivyoingia. Akapelekwa Ceylon, halafu Burma kupigana na Wajapani, akafika cheo cha koplo. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika. Matope, malaria na homa za msituni ziliangusha watu pamoja na risasi. Askari waliliita Bonde la Mauti. Wewe unayesoma Zaburi ya 23 ukiwa kitandani, fikiria kuisoma pale. Desemba 1944 walifika Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Huko huko, anasimulia Itote, askari mmoja Mwingereza alimuuliza anapigania nini, na nchi yake mwenyewe haiko huru. Swali hilo halikumtoka tena.

Mei 1945 Rangoon ikachukuliwa. Agosti tarehe 6 bomu la atomiki likaanguka Hiroshima, tarehe 9 likaanguka Nagasaki, na tarehe 15 mfalme wa Japani akatangaza kwa redio kwamba wanasalimu amri. Septemba 2 wakatia sahihi kwenye meli ya Marekani katika ghuba ya Tokyo. Kwa karatasi, vita imeisha.

Lakini ndani ya watu je? Waafrika waliorudi hawakupata mashamba. Kipande kilikuwa kile kile, ubaguzi ule ule. Itote akafanya kazi ya kuchochea moto kwenye gari la moshi, akaingia KAU, na mwaka wa 1952 akaingia msituni. Yale aliyojifunza Burma akayatumia Mlima Kenya, akiongoza maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau. Ndugu zangu, damu nyingi ilimwagika pande zote, na mimi sitaipamba hapa.

Januari 1954 alipigwa risasi, akakamatwa. Mahakama ya Nyeri ikamhukumu kunyongwa. Akiwa na kamba shingoni, tuseme hivyo, alikubali kuwaandikia wenzake barua waje wazungumze amani na serikali. Wengine walimwona msaliti. Hukumu ya kifo ikaondolewa, akapewa kifungo cha maisha. Lakini Aprili mazungumzo yale yakavunjika, na vita ikaendelea. Kwa macho ya watu, alijaribu amani akashindwa.

Sasa ona Mungu anavyofanya. Alipelekwa Lokitaung, kule jangwani Turkana, akafungwa pamoja na Jomo Kenyatta na Paul Ngei wetu wa hapa Machakos. Mzee Kenyatta akawa mwalimu wake wa Kiingereza. Mtu aliyepaswa kuwa kaburini yuko na kalamu mkononi! Akaachiliwa mwaka wa 1962. Ilipoanzishwa National Youth Service mwaka wa 1964, akawa mmoja wa viongozi wake, akiwafundisha vijana kulima na kujenga barabara. Alikufa mwaka wa 1993.

Mimi nilifunga kitabu nikakaa kimya kama babu. Kwa sababu kuna vita yangu pia. Miaka sita sijaongea na ndugu yangu, tumbo moja, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kesi iliisha. Mawe yakawekwa, karatasi zikatiwa sahihi, na bado kila nikipita pale moyo unashika silaha. Warumi 12:18 inasema nikae kwa amani na watu wote, kwa upande wangu. Kwa upande wangu, wapendwa! Upande wake si kazi yangu. Itote alituma barua bila kujua kama zitajibiwa.

Jumamosi iliyopita nilimpigia ndugu yangu simu. Hakushika. Nikapiga tena baada ya ibada ya Jumapili, akashika, akasema ako kazini, nitafute baadaye. Ni hayo tu. Lakini sauti yake nilikuwa nimeisahau.

Nitapiga tena wiki hii. Wewe pia, kama kuna namba ambayo umeiruka kwa miaka, usingoje yeye aanze. Tuombeane.