Johannes Rebmann (1820–1876): Mtumishi Aliyekubali Kubaki

Washarika wengi wanalijua jina la Johannes Rebmann kwa ajili ya theluji. Tangu shule ya msingi tulifundishwa kwamba tarehe 11 Mei 1848 mmisionari huyu Mjerumani aliuona mlima wetu Kilimanjaro akiwa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake, na kwamba wataalamu wa Uingereza walimdhihaki, wakikataa kuwapo kwa theluji karibu na ikweta. Habari hizo ni za kweli. Lakini kuuona mlima kulikuwa kazi ya asubuhi moja, naye alikaa katika nchi hizi miaka 29. Katika kitabu hiki cha miaka mia moja ya usharika wetu tumeona inafaa kueleza zaidi habari za ile miaka mingine, ambayo haisimuliwi sana.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, nchi ya Württemberg, katika jamaa ya wakulima. Alisoma katika chuo cha misioni cha Basel, kisha Uingereza, akatumwa na shirika la misioni la Kanisa la Anglikana. Mwezi Juni 1846 alishuka Mombasa, alikokuwapo Ludwig Krapf, mwana wa Württemberg kama yeye. Miezi miwili baadaye wote wawili, wakiwa wagonjwa wa homa, walipanda hadi Rabai na kuanzisha kituo kati ya Wanyika, ambao leo tunawaita Wamijikenda.

Itakumbukwa kwamba hapo mwanzo moyo wa Rebmann haukuwa wa kukaa. Krapf alikuwa na ndoto ya kuweka vituo vya misioni mfululizo, kuikata Afrika toka pwani hata pwani, na kijana Rebmann alikuwa miguu ya ndoto hiyo. Alisafiri hadi Taita mwaka 1847, na kufika Uchagani mara tatu katika miaka ya 1848 na 1849, akiongozwa na Bwana Kheri, mjuzi wa njia za misafara. Badala ya bunduki alishika mwavuli. Huko Kilema alipokelewa vema na Mangi Masaki. Bwana Kheri ndiye aliyemwambia kwamba kile cheupe kilichoonekana juu ya mlima ni baridi. Wala hatuoni jina lililo bora kuliko hilo.

Safari ya tatu ilikusudiwa kufika Unyamwezi. Aliondoka Aprili 1849 na wapagazi wapatao thelathini, akiwa na vitu vya kutosha kulipia njia. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimnyang'anya vitu hivyo kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile, kwa maneno ya urafiki, hata hakubaki na cha kumfikisha mbele. Rebmann alilia. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba hakulilia mali. Alilia kwa kuwa marafiki wa Ulaya walikuwa wametoa vitu vile ili Neno la Mungu lifike mbali zaidi. Akarudi pwani mikono mitupu, akiwa dhaifu wa mwili. Hakuja Uchagani tena.

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, utii wake ulipojaribiwa kweli. Kumtii Mungu katika jambo ambalo moyo umekwisha kulipenda si kazi ngumu. Rebmann aliyependa njia alipewa kilima kimoja. Naye alikipokea, akaja kuamini kwamba afadhali kulea watu wachache mahali pamoja kuliko kuipita nchi mbiombio. Katika hilo yeye na Krapf walihitilafiana sana, na maneno yao hayakuwa matamu siku zote. Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Erhardt, aliyeshirikiana na Rebmann kuchora ramani mashuhuri ya maziwa ya bara, aliondoka mwaka 1855. Rebmann alibaki na mkewe Emma, Mwingereza aliyemwoa Cairo mwaka 1851. Mtoto wao mmoja alifariki akiwa mchanga.

Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walimtembelea. Walikuwa wakielekea bara, kwenye nchi zile zile alizozitamani. Hakufuatana nao. Uvamizi wa Wamaasai ulimlazimu kukihama kituo kwa muda, akarudi. Mwaka 1866 Emma naye alifariki, na bado mzee hakuondoka.

Matunda yalikuwa haba. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa karibu na kufa kwake. Rafiki yake Abe Gunja alifuata, na baadaye wachache wengine. Muda mwingi Rebmann aliutumia katika lugha: alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi aliandika kamusi ya Kinyasa kutoka kinywani mwa Salimini, mtumwa aliyeletwa toka nchi ya Nyasa. Wapo waliouita ukaaji wake ukaidi. Hatuwezi kuwapinga kabisa, kwa maana katika miaka ya mwisho alijifungia mno na vitabu vyake, na wageni walimwona mtu wa upweke. Sir Bartle Frere alipofika mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu.

Mwaka 1875 alikubali kurudi kwao. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono hadi Ujerumani alikuwa Isaak Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Huko Korntal alikaa karibu na Krapf, yule waliyehitilafiana naye, na huko alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka uliofuata Krapf aliitoa kamusi ya Kinyasa ichapwe.

Wamisionari wa Leipzig walipoingia Kilimanjaro mwaka 1893, kituo chao cha kwanza walikijenga Machame.