Steinbeck, mwana wa Salinas aliyedurusiwa Kibera

KWA watahiniwa wa Kibera na Kawangware waliokesha wakidurusu The Pearl kabla ya mtihani wa KCSE, John Steinbeck alikuwa jina la jaladani tu. Riwaya hiyo fupi iliingia miongoni mwa vitabu teule vya hiari vya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 2010, sambamba na tamthilia ya David Mulwa, Inheritance. Swali lake lilikuwa na alama 20, na wengi waliliendea na jibu moja mkononi: tamaa mbele, mauti nyuma.

Jibu hilo ni nusu tu, kama maisha ya mwandishi mwenyewe yanavyoonyesha.

Steinbeck alizaliwa Februari 27, 1902 mjini Salinas, jimbo la California, Marekani. Mamake alikuwa mwalimu. Babake alikuja kuwa mweka hazina wa kaunti. Hakuzaliwa fukara, lakini ujanani alifanya vibarua katika mashamba ya kampuni ya sukari pamoja na wahamiaji. Aliingia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 1919, akatoka 1925 bila shahada.

Mnamo 1939 alitoa The Grapes of Wrath, kuhusu familia iliyofurushwa shambani Oklahoma ikaenda California kuchuma matunda kwa ujira duni. Wenye mashamba walighadhibika, na Kaunti ya Kern ikaipiga marufuku katika maktaba na shule zake. Mwaka uliofuata riwaya hiyo ilishinda Tuzo ya Pulitzer.

Mwaka huo huo wa 1940, Steinbeck alisafiri kwa mashua na rafikiye Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya baharini, hadi Ghuba ya California, Mexico. Huko La Paz alisikia kisa cha kijana aliyepata lulu kubwa ajabu, akaota ulevi na wasichana. Wanunuzi wakamdunisha, majambazi wakamtesa, naye akaitupa lulu baharini.

Steinbeck hakumwamini kijana huyo. Alipokiandika upya kisa hicho, kikatoka kama kitabu mwaka wa 1947, alimpa Kino mke na mtoto, kisha akambadilishia ndoto: ndoa ya kanisani, nguo mpya, bunduki na, zaidi ya yote, shule kwa mwanawe. Katika mitaa ambako mzazi hushinda kwenye kibarua ili alipe karo, ni vigumu kuiita hiyo tamaa. Daktari anakataa kumtibu mtoto aliyeumwa na nge kwa kuwa wazazi hawana pesa. Wanunuzi wa lulu wanajifanya washindani, kumbe bosi wao ni mmoja. Mtahiniwa anayeyapita hayo mbio akimlaumu Kino amewaachilia wakosaji wakubwa.

Steinbeck alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 1962. Alifariki jijini New York, Desemba 20, 1968, na majivu yake yakazikwa Salinas.