Michael Faraday na Nyaya Mbili

Fikiri, mwanafunzi, kwamba umealikwa katika nyumba moja ya Kibuta, wilayani Kisarawe, ambako mzee mwenye nyumba ameweka vyombo vyake vya muziki katika rafu ya mbao. Juu kabisa kuna kinanda cha santuri. Chini yake deki ya kaseti. Chini zaidi ampilifaya. Na pembeni, huku na huku, spika mbili. Mzee anatoa santuri ya zamani ya Morogoro Jazz, anaipangusa kwa kitambaa, anaiweka. Kabla gitaa la kwanza halijalia, spika zinatoa mvumo mzito usiokoma, kama wa nyuki walio ndani ya mzinga. Muziki unapoanza, mvumo unabaki palepale chini yake. Mzee amekwisha kununua sindano mpya akidhani kosa ni la sindano, na sasa anafikiri kuiuza ampilifaya.

Usikubali aiuze upesi. Zunguka nyuma ya rafu utazame. Utaona nyaya za kila namna zimefungwa pamoja kwa kamba kama mzigo wa kuni: ule utokao kwenye kinanda, ule uletao umeme kutoka ukutani, na ule uendao kwenye spika. Aliyezifunga alipenda unadhifu, na unadhifu ni jambo jema; lakini nyaya hizo hazikupaswa kulala pamoja. Mtu aliyetuonyesha sababu yake hakuwahi kuona ampilifaya wala kusikia redio, kwa maana alifariki mwaka 1867. Jina lake ni Michael Faraday.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, mahali paitwapo Newington, ambapo siku hizi ni sehemu ya jiji la London, Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na siku nyingi hakuweza kusimama mbele ya fua. Mwaka 1801, chakula kilipokuwa ghali, mtoto Michael alipewa mkate mmoja uliopasa kumtosha wiki nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Hesabu hiyo ndogo haikupata kuongezeka sana. Hata alipokuwa mtaalamu mwenye sifa duniani kote, Faraday hakuweza kutumia hesabu za juu. Alifikiri kwa mikono na kwa macho, akitengeneza kitu na kukitazama.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 alikuwa mwanagenzi wa George Riebau, mjalidi na muuzaji wa vitabu, akakaa naye miaka 7. Kijana huyo alikuwa na tabia ya kusoma vitabu alivyopewa kuvijalidi. Katika kitabu kimojawapo alikuta habari za umeme, akaanza kujitengenezea vifaa vidogo vya majaribio kwa fedha chache alizokuwa nazo. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kwenda kusikiliza mihadhara ya Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa wakati ule, katika taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akachora picha za vyombo, akayajalidi maandishi hayo kuwa kitabu, akampelekea Davy. Mwezi Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ya taasisi hiyo. Utaona hapa kwamba ufundi wa kujalidi ndio uliomfungulia mlango. Na baadaye kidogo utaona kwamba vidole vilivyozoea uzi na kitambaa vilimfaa tena.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mtaalamu wa Denmark, aligundua kwamba waya unaopitisha mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira iliyo karibu. Maana yake ni kwamba waya huo una nguvu ya sumaku inayouzunguka. Mwaka uliofuata Faraday alifaulu kuufanya waya wenye mkondo uizunguke sumaku bila kukoma, na hicho ndicho kizazi cha kwanza cha mota za umeme. Lakini alitangaza jambo hilo kwa haraka, bila kumtaja William Wollaston, mtaalamu mkubwa aliyekuwa akijaribu jambo lililofanana nalo. Watu wakanong'ona kwamba mtoto wa mhunzi ameiba wazo la bwana mkubwa. Faraday hakuwa ameiba, kwa kuwa jaribio lake lilikuwa tofauti. Hata hivyo shutuma hiyo ilimwumiza sana. Mwaka 1824, alipopendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, Davy mwenyewe, aliyekuwa rais wa chama, alimpinga. Faraday alichaguliwa hata hivyo.

Miaka iliyofuata kazi alizopewa zilikuwa zaidi za kemia na za kutengeneza vioo vya darubini, na umeme aliurudia kwa nafasi tu. Swali moja halikumwacha. Ikiwa umeme huzaa sumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Mwezi Novemba 1825 alilaza nyaya mbili sambamba, zikitenganishwa na karatasi. Mmoja aliuunganisha na betri, na wa pili aliuunganisha na galvanomita, yaani chombo chenye sindano ionyeshayo mkondo. Sindano haikucheza. Akaandika katika daftari lake kwamba hakuna kilichoonekana, akaenda kwenye kazi nyingine. Jibu lilikuwa katika nyaya hizo hizo, na alilikosa kwa miaka karibu 6.

Tarehe 29 Agosti, 1831 alikuwa na pete ya chuma laini, yenye upana wa sentimita 15 hivi. Upande mmoja wa pete aliuzungushia waya wa shaba mizunguko mingi, na upande wa pili akazungushia waya mwingine. Siku zile hapakuwa na waya wa kununua uliokwisha kuvikwa plastiki. Ili mizunguko isigusane, Faraday aliitenga kwa uzi na kitambaa cha pamba, mzunguko kwa mzunguko, safu juu ya safu. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano iliyokuwa karibu na waya wa pili ilishtuka, kisha ikatulia. Alipoukata mkondo ikashtuka tena. Katikati, mkondo ulipokuwa ukipita sawasawa, haikufanya lolote.

Hapa ndipo wanafunzi wengi tuliowafundisha walipokosea, kwa hiyo soma polepole. Mkondo uliotulia katika waya wa kwanza hauleti kitu katika waya wa pili. Mkondo unaobadilika ndio unaoleta. Faraday alirudia jaribio bila chuma: aliviringisha waya wa futi 203 juu ya gogo la mti, na katikati ya mizunguko yake akaviringisha waya mwingine wa futi 203, uzi ukiwa kati yao. Nyaya hazikugusana hata mahali pamoja, na bado sindano ilishtuka kila mkondo ulipoanza au kukoma. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo alisukuma sumaku ndani ya koili na kuivuta nje, akapata mkondo bila betri yoyote. Majenereta yote yaletayo umeme katika nchi yetu, yawe ya maji au ya gesi, hufanya kazi kwa njia hiyo. Na transfoma iliyo juu ya nguzo ya umeme ni jamaa wa pete ile ya chuma.

Unaweza kulisikia jambo hili kwa sikio lako. Tafuta bolti ndefu ya chuma na waya mwembamba wa shaba uliopakwa rangi, kama ule wa koili za redio mbovu. Zungusha mizunguko 100 upande mmoja wa bolti, na mingine 100 upande wa pili. Kwangua rangi kwenye ncha zote nne. Ncha za koili ya pili ziunganishe na kisikilizi cha redio, ukiweke sikioni. Sasa gusisha ncha za koili ya kwanza kwenye betri moja ya tochi. Utasikia ta! kisha kimya. Ondoa ncha moja, utasikia ta! tena. Usiache nyaya kwenye betri muda mrefu, maana zitapata moto. Na usithubutu kufanya jaribio hili kwa umeme wa ukutani, ambao huua.

Tafakari sasa mvumo wa Kibuta. Umeme unaoletwa nyumbani haupiti kwa kutulia kama wa betri. Hugeuza mwelekeo wake mara 100 katika kila sekunde, hata usiku tunapolala. Waya unaoubeba ni koili ya kwanza, na waya wa kinanda uliofungwa nao kwa kamba ni koili ya pili. Kila mkondo unapogeuka, waya wa kinanda hupata mshtuko mdogo. Tena waya wa kinanda hubeba umeme hafifu mno, elfu chache za volti moja, ilhali ule wa jirani yake una volti 230. Ampilifaya haijui kutofautisha gitaa na mshtuko. Kazi yake ni kukuza, nayo hukuza vyote viwili. Mishtuko mingi namna hiyo katika sekunde moja haisikiki tena kama ta, ta, ta, bali kama mvumo.

Tiba nyingine ilitoka kwa mtu yule yule. Mwaka 1836 Faraday alitengeneza kizimba cha fremu za mbao, futi 12 kila upande, akakizungushia nyaya za shaba na karatasi za madini, akaingia ndani pamoja na mishumaa na vyombo vyake vya kupimia umeme. Wasaidizi wakakichaji kizimba kwa nje mpaka cheche zikaruka. Ndani hakupata dalili yoyote ya umeme. Chaji yote ilibaki juu ya shaba. Chukua waya mzuri wa kinanda uukate (wa zamani, kwa idhini ya mwenyewe). Katikati utakuta uzi wa shaba ubebao sauti, kisha plastiki, kisha wavu wa nyuzi za shaba uliosukwa pande zote. Wavu huo ni kizimba cha Faraday kilichofanywa chembamba kama kidole cha mtoto. Lakini tuseme kweli: wavu huzuia vizuri nguvu ya chaji, ila nguvu ya sumaku ya waya wa umeme huupenya. Kwa hiyo kununua waya ghali hakutoshi. Inabidi pia kuziweka nyaya mbalimbali.

Faraday alichunguza hata nguo za nyaya. Mwaka 1848 aliandika juu ya gutapacha, utomvu wa miti ya nchi za Malaya, akionyesha kwamba ni kihami bora. Muda si mrefu nyaya zilizovikwa gutapacha zikaanza kulazwa chini ya bahari ili kupeleka simu za maandishi. Zilikuwa na kasoro: ishara ziliingia kali na kutoka zimelegea. Kabla ya mwezi Januari 1854 kwisha, Faraday alikuwa amekwisha kupima maili 100 za waya wa namna hiyo uliozamishwa majini, akaeleza kwamba shaba iliyo ndani na maji yaliyo nje hufanya ghala la chaji, ambalo lazima lijae kwanza ndipo ishara ipite. Kebo iliyofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879 ilikuwa ya ukoo huo. Waya wa kinanda nao una ghala lake, kati ya uzi na wavu. Ukiwa mfupi, haidhuru; ukiwa mrefu kupita kiasi, sauti nyembamba za juu hufifia. Ndiyo sababu fundi mzuri hakunji mita tano za waya nyuma ya rafu mahali panapohitaji nusu mita.

Nyaya za spika ni habari nyingine. Hizo hubeba mkondo mkubwa, hazihitaji wavu, zinahitaji unene. Georg Ohm, mwalimu wa shule huko Ujerumani, alikwisha kuonyesha mwaka 1827 kwamba waya mrefu na mwembamba huuzuia mkondo kuliko mfupi na mnene.

Faraday aliendelea kufanya kazi huku kumbukumbu yake ikidhoofika, akilazimika kuandika kila kitu ili asirudie jaribio alilokwisha kulifanya. Alikataa cheo cha heshima cha taifa, akakataa pia kuwa rais wa Royal Society, chama kile kilichowahi kumwonea shaka. Mara 19, wakati wa Krismasi, aliwafundisha watoto sayansi. Alifariki kitini kwake, Hampton Court, tarehe 25 Agosti, 1867.

Rudi sasa nyuma ya rafu, pamoja na mzee. Mwombe kwanza achomoe plagi ukutani. Fungua kamba. Nyaya za umeme zipitishe upande wa kushoto wa rafu, za sauti upande wa kulia, na pale zinapolazimika kukutana zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Waya wa kinanda uwe mfupi, wenye wavu usiokatika mpaka kwenye ncha. Andika jina la kila waya kwenye kipande cha karatasi na ukibandike karibu na ncha yake, ili atakayekuja baadaye asivute usiokusudiwa. Kisha mzee arudishe plagi, afungue sauti bila kuweka santuri, nawe utege sikio kwenye spika. Ukisikia mvumo bado, sogeza waya mmoja kwa upana wa kiganja, usikilize tena.