Sista Kenny na Misuli ya Polio

Wenzangu wa fiziotherapia mnaoona fomu ya kumpima mgonjwa ni makaratasi tu, msikieni mama huyu.

Elizabeth Kenny alizaliwa Warialda, Australia, mwaka 1880. Unesi hakuusomea chuoni. Usista aliupata jeshini, akihudumia majeruhi melini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Zama hizo mtoto wa polio alifungwa vibao au P.O.P kwa miezi, eti misuli mizima isije ikavuta kiungo upande. Kenny alianza na mikono. Alipapasa msuli mmoja mmoja, akatazama upi umekaza, upi unauma, upi umelala tu. Uliokaza aliukanda kwa vipande vya blanketi la sufu vilivyochemshwa na kukamuliwa (bibi zetu na maji yao ya moto wangemwelewa haraka). Maumivu yakipungua, anakinyoosha kiungo taratibu, halafu anamfundisha mtoto kuutumia msuli ule ule, siyo kuazima wa jirani.

Madaktari wengi hawakumtaka. Mwaka 1938 ripoti ya tume ya serikali ya Queensland ilimponda. Na kusema kweli, maelezo yake yalikuwa na kasoro: polio hushambulia neva kwenye uti wa mgongo, yeye akang'ang'ania kwamba shida iko kwenye misuli. Ila alichokipapasa kilikuwepo.

Mwaka 1940 akaenda Marekani, na 1942 Minneapolis ikamfungulia taasisi. Alifariki 1952. Chanjo ya Salk ilipokuja 1955, wodi nyingi zilikuwa zimeshaacha kuwafunga watoto P.O.P.