Joe de Graft: Mwalimu wa Kiingereza Aliyemweka Muntu Jukwaani

Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyotoka bara kuelekea Bagamoyo ilipita katika bonde la Mto Mkondoa, hapa kwetu Kilosa. Mwishoni mwa mwaka 1975, jijini Nairobi, historia ya utumwa ililetwa jukwaani mbele ya wajumbe wa Makanisa kutoka pande zote za dunia. Aliyeitunga tamthilia hiyo hakuficha kwamba wana wa Afrika nao waliuzana. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza kutoka Ghana, Joseph Coleman de Graft, ambaye wengi walimfahamu kama Joe.

Alizaliwa mwaka 1924, nchi yake ilipokuwa bado ikiitwa Gold Coast. Alisoma Mfantsipim, shule ya Wamethodisti iliyoko Cape Coast, mji wenye ngome ambamo watumwa walifungiwa kabla ya kupakiwa merikebuni. Baada ya masomo ya juu alirudi Mfantsipim kufundisha Kiingereza na kuongoza kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Kazi hizo mbili kwake zilishikana. Mwanafunzi anayekariri sentensi ubaoni huweza kuitamka vizuri bila kuielewa. Akiambiwa aiseme jukwaani, lazima kwanza ajue anamwambia nani, kwa nini, na akiwa na hofu au hasira gani. Waliowahi kuwaongoza vijana wa parokia katika igizo la Mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu wanalijua jambo hili: kijana anayemwigiza Pilato huisikia Injili kwa sikio jingine.

Miaka ya 1960 de Graft alifundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Pamoja na wanafunzi wake aliihamishia Hamlet ya Shakespeare katika kijiji cha Tongo, kaskazini mwa Ghana, na mwaka 1965 ikatoka filamu iitwayo Hamile. Sisi Watanzania tunao mfano wetu wa kulinganisha. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Julius Caesar, kitabu kilichochapishwa mwaka 1963, aliubadili ulimi akaiacha Roma mahali pake. De Graft aliuacha ulimi wa Kiingereza, akabadili nchi, mavazi na nyumba ya mfalme. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, njia ya Nyerere iliwafikia watu wengi zaidi, ingawa ile ya de Graft ilikuwa ngumu zaidi kwa waigizaji.

Tamthilia yake Sons and Daughters, iliyochapishwa mwaka 1964, inamhusu baba tajiri anayetaka mwanawe awe mhandisi na binti yake awe mwanasheria, wakati mmoja anapenda kuchora na mwingine kucheza ngoma. Wazazi wa jumuiya zetu ndogo ndogo wangelitambua baraza hilo mara moja.

Mwaka 1969 alihamia Nairobi kwa kazi ya UNESCO ya ufundishaji wa Kiingereza, na baadaye akafundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiongoza michezo na kuigiza mwenyewe. Alifika wakati mgumu. Mwaka uliotangulia, Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake wawili walikuwa wametoa hoja kwamba Idara ya Kiingereza chuoni hapo ifutwe, fasihi ya Afrika ipewe nafasi ya kwanza. Mgeni aliyekuja kufundisha Kiingereza mahali kama hapo alihitaji unyenyekevu. De Graft hakuikana lugha aliyoifundisha. Aliitumia kusema habari za Mwafrika.

Ndipo ilipokuja Muntu. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikuwa likifanya mkutano wake mkuu wa tano jijini humo, Novemba na Desemba 1975, na Kanisa Katoliki lilituma watazamaji. De Graft aliombwa aandike tamthilia kwa ajili ya mkutano huo. Angeweza kuwapa wageni ngoma na furaha, wakapiga makofi wakaenda zao. Badala yake alichukua neno la Kibantu ambalo si la lugha ya mama yake, lile lile letu la mtu, akalifanya jina la baba wa Waafrika. Watoto wa Muntu wanaishi, wanagombana. Wageni wanakuja kwa njia ya jangwa na kwa njia ya maji, wakiwa na dini, biashara na bunduki. Ndugu anamuuza ndugu. Uhuru unapopatikana, wanaoushika wanageukiana kwa silaha.

Mmisionari naye hakuachwa pembeni ya mashtaka. Jambo hilo laweza kumchoma msomaji Mkatoliki, hasa sisi tuliopokea imani kutoka kwa mapadre wa Bagamoyo, ambao tangu mwaka 1868 waliwakomboa na kuwalea watoto waliotoka utumwani. Lakini Kanisa lenyewe halikukataa kuutazama upande wa pili. Tarehe 22 Februari 1992, katika kisiwa cha Gorée nchini Senegal, Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki biashara ile. Tamthilia ya de Graft ilikuwa imelileta jambo hilo mbele ya Wakristo miaka 17 kabla.

Muntu ilichapishwa mwaka 1977. Mwaka huo huo de Graft alirejea Ghana, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi, akarudi kwa wanafunzi wa Legon. Mchezo wake wa mwisho nao aliuchota kwa Shakespeare: ni Macbeth, kisa cha askari anayemuua mfalme wake ili atawale. Aliuita Mambo. Ulionyeshwa mwaka 1978, na mwaka huo huo akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 54.