Yusuf bin Hassan: Mwana wa Malindi Aliyekalia Kiti cha Mvita

Mtu aingiapo Ngome ya Mombasa, akiinua macho kabla ya kupita, ataona juu ya mlango maandishi ya Kireno. Ni maneno ya Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ukapteni wa Ngome mwaka 1635, na humo anajisifu kwamba amewarudisha watu wa pwani katika utiifu baada ya uasi wa mfalme dhalimu. Mfalme huyo ndiye tumkusudiaye leo, ndugu msomaji.

Kwanza tujue kile kiti kilivyopata kuwa kitupu. Mvita ilikuwa na wafalme wake wa Kishirazi, na baina yao na Malindi hapakuwa na mapenzi. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 Mvita ilimshuku, Malindi ikampokea. Mwaka 1589 mji ukaingiwa na mabalaa mawili kwa mpigo: baharini manowari za Wareno kutoka Goa zikimwinda Mturuki Ali Bey, na bara Wazimba, ambao waliingia kisiwani wakaua watu kwa wingi. Wazimba hao walivunjwa na Wasegeju huko Malindi, na Wasegeju wakaja wakaitwaa Mvita, wakamkabidhi mfalme wa Malindi. Ukoo wa Shirazi ukakatika. Wareno wakamkubali rafiki yao wa zamani, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Ngome. Hivyo Sultani Ahmad wa Malindi akawa mgeni juu ya kiti cha watu, na jirani yake wa karibu akawa kapteni wa Kireno mwenye mizinga.

Ahmad aliishi nao hivyo hivyo. Mwanawe Hassan hakuweza. Palikuwa na theluthi ya ushuru iliyokuwa haki ya mfalme, palikuwa na mambo ya Pemba, na juu ya yote palikuwa na dharau za makapteni. Mwaka 1614 Hassan alikimbilia bara, upande wa Rabai, na huko akauawa na watu waliohongwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa.

Na Goa hiyo hiyo ndiko alikopelekwa mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba. Mapadre wa Agostino wakamlea, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia. Akakua akisema Kireno, akatumika katika merikebu zao za vita, akaozwa mke wa Kikristo. Wako wanaoliona jambo hili kuwa doa katika habari zake. Mimi sioni. Mtoto wa miaka saba aliyenyang'anywa babake na mji wake hana wa kumsomesha juzuu.

Mwaka 1626 Wareno waliona wakati umefika, wakamtawaza mfalme wa Mvita. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mfalme waliyemfinyanga wenyewe hatawasumbua. Akarudi, naye ni mgeni mara mbili. Ukoo wake ni wa Malindi, mavazi yake ni ya Goa. Waislamu wa mji walimwona Mreno, na Wareno walimwona Mswahili. Mwaka 1627 alimwandikia Papa wa Roma barua ya utiifu, kumbe moyoni mna jingine.

Usiku alikuwa akienda kwenye kaburi la babake kumwombea kwa desturi ya Kiislamu. Jasusi akamwona, habari ikafika kwa kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, naye akaazimia kumrudisha Goa ahukumiwe. Yusuf akapata kunong'onezwa. Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu yao ya Bibi Mariamu, aliingia Ngomeni na watu wake kana kwamba ni mgeni wa kuamkia, akamchoma kapteni jambia. Ngome ikawa yake, na jina lake likarudi kuwa Yusuf bin Hassan.

Lililofuata si la kulipita mbiombio. Wareno wa mjini, wake kwa waume na watoto, walikimbilia katika nyumba ya mapadre. Waliosilimu wakaachwa. Waliokataa wakatolewa nje wakauawa, zaidi ya watu mia. Waafrika Wakristo nao wengine waliuawa, wengine wakapelekwa Uarabuni kuwa watumwa. Sheria yetu imekataza kuua wanawake na watoto vitani, na dhulma aliyotendewa Hassan haikumhalalishia mwanawe damu hiyo. Nalisema hili nikijua kuna watakaonuna.

Januari 1632 Dom Francisco de Moura alifika na manowari kutoka Goa. Akapiga, akazingira, akashindwa, na mwezi wa Machi akaondoka. Hapo ndipo ninaposhangaa miaka yote. Mtu aliyeshinda, mwenye Ngome isiyovunjika, Mei 1632 akaibomoa kadiri alivyoweza, akapakia mizinga katika merikebu aliyoiteka, akatweka kwenda Uarabuni. Lau angestahimili! Mwaka 1650 Waomani waliwatoa Wareno Maskati, na haukupita muda wazee wa Mvita wakawaomba msaada. Angaliwakuta milango wazi, isingelazimu kungoja hadi 1698 Ngome ianguke baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Lakini huenda alijua tusiloliona sisi: baruti imekwisha, au watu wa mji hawakumwamini hata baada ya kushinda.

Miaka iliyobaki alizunguka baharini akiwavizia Wareno, akaonekana Komoro na Bukini, na mwaka 1638 akafa katika Bahari ya Sham. Wareno walikuwa wamekwisha rudi tangu Agosti 1632, wakaikuta Ngome haina mtu. Wakaitengeneza, wakatia maandishi yao mlangoni, na hawakumtawaza tena mfalme wa Mvita.