Hans Wilsdorf: yatima aliyeipa dunia saa ya Rolex

Wadau, ukitaja Rolex huku kwetu Nyantakara, wilayani Biharamulo, mmoja atafikiria chapati ya mayai ya Waganda, mwingine saa feki za gulioni. Leo nawaletea mwenye jina lenyewe.

Hans Wilsdorf alizaliwa 1881 mjini Kulmbach, Ujerumani. Alipofika miaka 12 wazazi wote walishafariki. Ndugu wakauza biashara ya familia, dogo akapelekwa shule ya bweni.

Mwaka 1905, akiwa London, akafungua kampuni na shemeji yake, Alfred Davis. Enzi hizo mwanaume wa heshima alitembea na saa ya mfukoni. Ya mkononi ilionekana pambo la akina mama, tena watu hawakuamini majira yake. Jamaa akashupaa. Jina la Rolex akalisajili 1908, na 1914 saa yake ya mkononi ikapata cheti cha juu cha usahihi pale Kew, Uingereza. Ushuru wa vita ulipombana, akahamia Geneva, Uswisi, 1919.

Mwaka 1926 akatoa Oyster, saa isiyoingiza maji. 1927 akampa muogeleaji Mercedes Gleitze, ambaye alikaa zaidi ya saa 10 kwenye maji ya baridi kati ya Uingereza na Ufaransa. Saa ikatoka nzima, inatembea! Si mchezo.

Kuhusu bei, hakushusha ya Rolex ili auze nyingi. Wa kipato cha chini akawatengenezea jina lingine, Tudor. Halafu wakati wa vita ya pili, maofisa wa Kiingereza waliokuwa mateka Ujerumani waliagiza saa kwa barua, naye akawatumia, walipe vita ikiisha. Kumkopesha mfungwa jamani!

Hakuwa na mtoto. Mkewe alifariki 1944, na mwaka uliofuata akaunda taasisi akaiachia kampuni. Yeye alifariki 1960, na taasisi hiyo ndio mmiliki mpaka leo. Mimi naona aliyeona mali ya baba ikiuzwa hakutaka yajirudie.

Saa zake zilikuwa za kazi, za wapiga mbizi na marubani. Miaka ya 1970 saa za betri zikaleta majira sahihi kwa bei chee, Rolex ikageuka alama ya ukwasi. Leo mpya dukani haipungui shilingi milioni 10.

Feki ya gulioni imeiba jina tu, ile miaka ya kuthibitisha haikuiweza. Wadau, mnasemaje: tunanunua kitu au tunanunua jina?